Mkono Usiotoa Sauti

Horohoro ni mahali pa mpaka, kaskazini ya Tanga. Ng'ambo yake ni Lunga Lunga, katika nchi ya Kenya. Watu wa pande zote mbili husalimiana kwa lugha moja, lakini wasimamapo kuheshimu bendera huimba nyimbo mbili. Wimbo wa Kenya, uliopatikana mwaka 1963, asili ya sauti yake ni wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Sauti ya wimbo wa Tanzania ni kazi ya mwalimu wa kwaya.

Mwalimu huyo, Enoch Sontonga, alifundisha katika shule ya misheni karibu na Johannesburg, akaongoza kwaya. Mwaka 1897 alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika. Alifariki mwaka 1905, umri wake ungali mdogo. Wimbo haukumfuata kaburini. Tanganyika ilipojitawala tarehe 9 Desemba 1961, iliusimamia kwa maneno ya Kiswahili. Lakini kaburi la mtunzi lilisahauliwa. Lilipotafutwa katika miaka ya 1990 lilikuwa taabu kuonekana, kwa sababu daftari la makaburi lilimwandika kwa jina la Enoch, si la Sontonga. Mwaka 1996 ndipo lilipofanywa kumbukumbu ya taifa.

Swali lazuka hapa. Je, mwalimu asahauliwaye na watu wanaoishi kwa matunda ya kazi yake amedhulumiwa, au amefuzu?

Tumtazame kiongozi wa kwaya kazini. Katika kundi zima, mkono wake hautoi sauti. Humfundisha mwenye sauti kubwa kuipunguza ili mwenziwe asikike, na mwenye hofu kuthubutu. Siku atakapoushusha mkono na wimbo usivunjike, kazi yake imekamilika. Kutoweka kwake, basi, ni sehemu ya ufundi wake.

Kwa hoja hii wako wasemao kuwa hatuwiwi kitu naye, maana yeye mwenyewe hakutaka kuonekana. Neno hili silikubali. Unyenyekevu wa mwalimu ni wema wake. Usahaulifu wetu si wema wetu. Anayedai aweza kusamehe deni, lakini anayedaiwa hana haki ya kujisamehe.

Deni hili hulipwaje, na mwenyewe amekwisha kufa? Nadhani lina sehemu mbili. Ya kwanza ni nyepesi: mtoto afundishwapo wimbo, afundishwe na jina la mtunzi. Ya pili ni nzito, nayo ni kuishi kama kwaya ilivyofundishwa kuimba. Mtoto wa Horohoro apunguzaye sauti yake apate kuisikia ya jirani amekuwa mwanafunzi wa mtu aliyekufa zamani katika nchi ya mbali. Akilijua na jina lake, atakuwa mwanafunzi mwenye shukrani.