Kinachofunikwa Bafuni

Trei ya kuogea, yaani bamba pana lenye kingo fupi na tundu la kutolea maji, ambalo hulazwa chini ya bomba la mvua ili kuyakusanya maji ya anayeoga na kuyapeleka kwenye bomba la maji machafu, bado ni kifaa kigeni katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, kwa kuwa huku sakafu ya bafu ndiyo hupewa mteremko na kuachiwa kazi hiyo. Hata hivyo, kifaa hicho kimeingia katika baadhi ya ghorofa za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, na kimeingia pamoja na maradhi yake, ambayo huanza kwa trei kulia inapokanyagwa, zikafuatia nyufa pembezoni mwake, hata siku moja doa la rangi ya chai likatokeza kwenye dari ya jirani anayekaa chini. Hapo ndipo mwenye nyumba huenda dukani kununua trei mpya, akiamini kwamba ya zamani ndiyo yenye kosa.

Mara nyingi trei haina kosa lolote. Trei za bei ya kati hutengenezwa kwa akriliki, ambayo ni plastiki ngumu yenye kung'aa, iliyoimarishwa upande wa chini kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi. Ni nyepesi na husafishika kwa urahisi, lakini haziwezi kubeba uzito wa mtu mzima bila kunepa, na kwa sababu hiyo zile zisizo na miguu huhitaji kulazwa juu ya tandiko la mchanga na saruji lisiloacha uwazi, lililosawazishwa kwa pima maji. Fundi mwenye haraka huweka mafungu matano ya saruji, manne kwenye pembe na moja katikati, akaikalisha trei juu yake, na kazi ikapendeza. Kuanzia siku hiyo trei hunepa kwa milimita chache kila mtu anaposimama kuoga, na milimita hizo, zikirudiwa asubuhi na jioni kwa miaka, huibandua ukutani silikoni, yaani ute wa kuzibia ambao hukauka ukawa kama mpira, mpaka maji yakapata njia. Vigae haviyazuii, kwa sababu maji hayapiti kwenye kigae bali kwenye viungo vyake, na saruji ya kujazia viungo hunyonya maji kinyume cha wengi wanavyodhani. Kizuizi halisi ni utando wa kuzuia maji unaopakwa ukutani na sakafuni kabla ya kigae cha kwanza kubandikwa, nao ukishafunikwa hakuna anayeweza kuapa kwamba ulipakwa. Maji yakishapenya mpaka kwenye nondo za zege, chuma hushika kutu, na kwa kuwa kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, zege hupasuka kwa nguvu inayotoka ndani yake lenyewe.

Wahenga walionya kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta, na methali hiyo imewaponza wenye mabafu wengi. Ufa unaoonekana kandokando ya trei huzibwa kwa silikoni mpya juu ya ile ya zamani, mara ya pili na mara ya tatu, na kila unapozibwa maji yaliyokwisha kuingia hukosa hata njia ya kukaukia, huku trei ikiendelea kunepa kama kawaida. Methali haina kosa, ila ilisemwa na watu waliojua kwamba ufa una chanzo, na waliotarajia anayeuziba akitafute kwanza.

Ukweli wa kazi iliyotangulia hufunuka trei inapong'olewa. Maji hufungwa, silikoni hukatwa kwa kisu, safu ya chini ya vigae hubomolewa kwa tindo kwa kuwa ukingo wa trei hupita nyuma yake, na trei inapoinuliwa hutokeza mchanga mweusi unaonuka, wakati mwingine pamoja na mifuko ya saruji iliyokunjwa ikafanywa kabari. Chini ya tundu huonekana mtego wa maji, yaani kipande cha bomba kilichopindwa ili kibakize maji kidogo yanayozuia hewa chafu isirudi chumbani, fikra ambayo Alexander Cumming, mtengeneza saa aliyefanya kazi London, aliisajili kwa ajili ya choo mwaka 1775. Pengine haikuwa bahati kwamba mpindo huo ulitoka kwa mtu wa saa, ambaye riziki yake yote ilitegemea sehemu zisizoonekana na mteja.

Katika nyumba za mawe za Lamu maji ya kuogea yalikaa ndani ya birika, tangi dogo la kujengewa ambalo liliwekwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu, nayo yakachotwa kwa kata. Aliyeoga kwa kata aliyaona maji yakipungua, na birika likivuja usiku mmoja, asubuhi nyumba nzima ilijua. Bomba halina tabia hiyo: halionyeshi lilichotoa wala lilichopoteza, na wa kwanza kupata habari huwa ni jirani wa chini, asiyekuwa na sauti yoyote wakati bei ya kazi ilipopatanwa. Tanzania ilitunga sheria ya umiliki wa sehemu za majengo mwaka 2008, na Kenya ikatunga ya kwake ya sasa mwaka 2020, na zote mbili zinatambua kwamba wanaokaa jengo moja wana mali ya pamoja, lakini sheria huitwa dari ikishaharibika.

Kumlaumu fundi peke yake ni kukwepa hesabu. Mwenye nyumba aliyevuta bei mpaka ikabaki ya trei na vigae tu hakusema waziwazi kwamba utando usipakwe, ila fundi naye ana watoto, na bei ikikatwa huanza kukatwa pale pasipofikiwa na jicho. Mafundi wazuri wapo, na wengi wao wangefurahi kumpata mteja anayekuja kuchungulia kabla ya kufunika, akauliza tandiko limechanganywa vipi na bomba linashuka kiasi gani kwa kila mita, badala ya yule anayefika jioni kusifia mng'ao na kulalamikia vumbi.

Basi mwenye nyumba na atenge fedha ya tandiko na ya utando kabla ya fedha ya trei, na asikubali kigae kirudishwe mpaka maji yamemwagwa, yamepita kwenye mtego, na viungo vya bomba vimepanguswa kwa karatasi kavu iliyobaki kavu. Silikoni nyingi zipewe siku nzima kabla ya kuguswa na maji, na siku hiyo familia ikaombe kuoga kwa jirani wa chini, ambaye atapata nafasi ya kuwaonyesha dari yake.