Kibuyu Chirizi na Ibada

Nafundisha shule ya msingi huku Ikungi, Singida, na jioni nafundisha madrasa. Wazazi huniuliza: kiangazi kikibana, maji ya kuchota mbali ni ya kunywa au ya watoto kunawia? Kwangu hilo ni swali la dini kabla halijawa la afya. Mtume alitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, na maji yakikosekana kabisa tumeruhusiwa kutayamamu kwa udongo safi. Uchache haukuondoa wajibu, ulifundisha kiasi.

Kibuyu chirizi, kifaa cha kunawia mikono, kina adabu hiyo hiyo: dumu la lita 5 lenye tundu dogo, kamba, kijiti cha kukanyagia, na chupa ya maji ya sabuni ya unga iliyotobolewa kifuniko. Mtoto akikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika viganjani, akiachia, yanakoma. Mkono uliotoka chooni haugusi dumu.

Wenzangu Wakristo hunikumbusha kwamba Yesu aliwakemea waliosafisha nje ya kikombe tu. Ni kweli, ila hakuagiza nje pachafuke. Ugonjwa wa kuhara humpata hata mtoto mwenye moyo safi.

Mzazi, una dumu kuukuu nyumbani? Mpe mwanao alilete shuleni kesho.