Pimeni Kabla ya Kuchoma

Wanangu wa Ihanda, hasa ninyi mnaopiga video za harusi, vipaimara na mazishi, kisha mkazitia kwenye DVD, nina neno nanyi. Kahawa ya Mbozi ikishauzwa, sherehe hufuatana na kazi huwajia kwa wingi. Vijana wenzenu wanatazama kwenye simu, lakini bibi wa kijijini ana deki yake, na diski ndiyo anayoijua. Mkanda wa harusi mliokabidhiwa ni amana, kwa maana siku ile hairudi.

Nawasikia mkilalamika. Kompyuta imekesha ikifanya kazi, asubuhi programu inasema mradi umezidi nafasi ya diski. Hapo mmoja anakata hotuba ya mzee bila kumuuliza mwenye sherehe, mwingine anaibana picha mpaka nyuso za watu zinageuka miraba. Msifanye hivyo kabla ya kujua uzito umetoka wapi.

Jambo la kwanza, ukubwa wa faili mliloletewa hauwaambii DVD itakuwa na ukubwa gani. Video ya simu yenye GB 2 inaweza kutoka na GB 5, kwa sababu DVD hutumia MPEG-2, mfumo wa miaka ya 1990 unaohitaji biti nyingi kuliko mifumo ya simu za leo. Mkanda wa MiniDV nao hula takriban GB 13 kwa saa moja, lakini saa hiyo huingia kwenye diski moja bila shida. Vinavyoamua ni viwili tu: urefu wa video, na biti zinazotumika kwa kila sekunde. Fikirieni malori yanayopimwa kwenye mizani ya Mpemba kabla ya kufika Tunduma: dereva mwenye busara hujua uzito wake tangu anapopakia.

Basi shikeni hesabu hii. Diski ya kawaida ina GB 4.7, ingawa Windows huionyesha kama 4.37 kwa kuwa inahesabu kwa 1,024 badala ya 1,000. Chukueni 600, mgawanye kwa dakika za video. Jibu ni megabiti kwa sekunde mnazoruhusiwa, picha na sauti pamoja, na nafasi kidogo inabaki. Dakika 90 zinapata 6.7. Dakika 120 zinapata 5. Dakika 60 zinatoa 10, lakini msivuke 8, maana deki nyingine hukwama. Programu nyingi huanza na 8 bila kuuliza video ina urefu gani, na kwa dakika 90 hiyo ni GB 5.4. Diski haina pa kuziweka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na nafasi ya diski ni mali.

Hesabu ikiwa sawa na bado faili linazidi, tazameni sauti. Kikulacho ki nguoni mwako: sauti isiyobanwa, ile ya PCM, hula megabiti 1.5 kila sekunde. Kwa saa mbili hizo ni karibu GB 1.4. Badilisheni iwe AC-3 ya kilobiti 192, na hotuba na nyimbo zitasikika vizuri. Kisha tazameni menyu. Menyu yenye picha zinazocheza na muziki mrefu huongeza uzito; picha moja tulivu inatosha.

Kuna kosa jingine linalofanana na hili, lakini si lenyewe. Flashi ina nafasi ya GB 10, faili ni GB 4.5, na kompyuta inasema faili ni kubwa mno. Flashi hiyo imefomatiwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja la kufikia GB 4. Hamisheni kwanza vilivyomo, kisha ifomatini kwa exFAT. Na mkikuta ndani ya folda ya VIDEO_TS mafaili ya VOB yamekatwa vipande visivyozidi GB 1, msiyaunganishe wala kuyafuta. Ndivyo DVD ilivyopangwa.

Sherehe yenye urefu wa saa tatu ni mtihani wa kweli. Hesabu inawapa megabiti 3.3 tu, na watu wakicheza ngoma picha itavunjika. Ushauri wangu ni diski mbili: kanisani na ukumbini. Ipo diski ya tabaka mbili yenye GB 8.5, lakini baadhi ya deki za zamani huikataa, na bibi ndiye atakayebaki na diski isiyofunguka. Mkilazimika kubaki na moja, kateni magari yanayosubiri na meza zisizo na watu, wala msiguse maneno ya wazazi. Mkibana, chagueni kubana kwa mapito mawili: programu huitazama video yote kwanza, kisha huipa ngoma biti nyingi na hotuba biti chache.

Msiifute picha ya asili baada ya kukabidhi kazi. Akiba haiozi. Kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi, na mjukuu wa maharusi huenda akaihitaji kwa chombo ambacho bado hakijatengenezwa.

Wanangu, ulizeni urefu wa sherehe mnapopatana bei, na mwambieni mteja mapema kwamba diski zitakuwa mbili. Kabla ya kukabidhi, jaribuni kila diski kwenye deki kama ile aliyo nayo bibi, mpaka dakika ya mwisho. Fanyeni kazi hii kwa uaminifu unaostahili siku za watu.