Mandazi ni ya Nani?



Kuna jambo lilitokea hapa Kazimia, na mimi naona lisipite bure. Tulikuwa tunaandaa sikukuu ya utamaduni. Kamati ilikuwa imeandika vyakula vya asili vitakavyowekwa mezani: bugali wa muhogo, sombe, mikebuka na ndagala wa ziwa letu, mawese, asali. Mama mmoja akafika na beseni la mandazi. Vijana wakamwambia: « Mama, hii si ya kwetu. Hii ni chakula cha ukimbizi. » Yule mama hakujibu kitu. Alifunika beseni kwa kitenge, akaenda kukaa nyuma.

Tangu siku ile najiuliza: kitu kinakuwa mila ya watu kwa sababu gani? Kwa sababu kilizaliwa kwao, ao kwa sababu wao walikilea?

Wengi wetu tunajua ile mandazi ilitoka wapi. Vita vya 1996, na tena vya 1998, vilivusha watu wa Fizi kwa maelfu hadi Kigoma. Walikaa miaka katika kambi za Nyarugusu na Lugufu. Kuanzia Oktoba 2005 meli zikaanza kuwarudisha Baraka. Walishuka na watoto waliozoea chai ya asubuhi na mandazi, chapati ao kitumbua. Lakini hata wale waliobaki huku walikuwa wanakula benye, na jina hilo tulilipata kwa Kifaransa cha Wabeleji. Unga wa ngano, sukari, mafuta ya moto: vitu ni karibu vilevile. Kumbe tulikuwa tunagombania jina!

Sasa turudi kwenye ile orodha ya asili. Muhogo, ambao bila huo hakuna bugali wala sombe, ulitoka Amerika. Wareno ndio walioufikisha pwani ya Kongo. Mahindi na viazi vitamu ni vya kulekule Amerika. Ndizi na miwa vilitoka Asia. Na sukari ya Kiliba, kule karibu na Uvira, tuliitia ndani ya chai mpaka kiwanda kiliposimama kwa vita ya 1996, na hakuna mzee aliyeiita ngeni. Tukifukuza kila kilichotoka mbali, mezani tutabaki na samaki, mawese na asali. Nani atashiba?

Mtu atasema: Wazungu wao wanalinda vyao. Ni kweli, Wafaransa wanajivunia vitamu vya kila jimbo. Lakini tuviangalie vizuri. Kule Bretagne kuna mji wa wavuvi kama sisi, Douarnenez, unaojulikana kwa samaki wadogo aina ya sardini. Keki yao, kouign-amann, ilianza huko karibu mwaka wa 1860: unga wa mkate, siagi ya chumvi, sukari. Haijatimiza hata miaka 200, na tayari ni mila. Mji wa Nantes una keki yake ya lozi, sukari na romu. Sukari na romu vilifika kwa meli kutoka visiwa vya Karibi, na waliolima ile miwa ni watumwa. Katika Saint-Domingue, inayoitwa leo Haiti, wengi wa watumwa hao walitolewa pwani ya Kongo. Hata vanila yenyewe: aliyeonyesha namna ya kuchavusha ua lake kwa mkono, mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion, ni kijana mtumwa mwenye miaka 12, Edmond Albius. Alikufa maskini.

Kwa hiyo kitu kutoka mbali si kosa. Kosa ni kula utamu na kusahau mkono uliouleta.

Lakini nisikilize pia upande wa wale vijana, maana hawakusema upuuzi. Wanaogopa kwamba kama kila kitu ni chetu, basi hakuna kilicho chetu. Je, pipi na biskuti za dukani nazo ni mila? Mimi nasema hapana, na sababu si kwamba zinatoka ngambo. Hakuna kati yetu anayejua kuzitengeneza, wala hatuna la kumrithisha mtoto ndani yake isipokuwa karatasi. Lakini mandazi, mama anaamka usiku kukanda unga. Binti anasimama pembeni anajifunza kujua kama mafuta yamepata moto wa kutosha. La kwanza anapewa mgeni ao mtoto wa jirani. Kuna ujuzi, kuna mafundisho, kuna adabu ya kugawa. Mambo hayo matatu yakikaa pamoja katika nyumba zetu, mimi naita hiyo mila, hata kama ina umri wa miaka kumi tu.

Tena, tulipokataa beseni hatukukataa unga. Tulimwambia mama yule kwamba ile miaka aliyolea watoto ngambo ya ziwa haihesabiki katika historia yetu. Hiyo ndiyo dhambi ninayoiogopa. Watu walipokea kutoka kwa majirani wa Kigoma kitu cha kutuliza mtoto aliyekuwa analia. Sisi tunakionea haya!

Basi, ndugu zangu, sikukuu nyingine ikifika, orodha iandikwe upya. Asali iwe mbele, kwa heshima ya wazee. Kando yake tuweke mandazi, na yule mama mwenyewe asimame aeleze alijifunza wapi, na kwa nani. Watoto wasikie.