Habari Mbaya Haipandi Ngazi

Mwaka 1980 binti wa miaka 18 aliajiriwa na General Motors, kitengo cha Pontiac, jimbo la Michigan, Marekani. Kazi yake ilikuwa kukagua madigadi na boneti, na mshahara ulimsaidia kulipa ada ya chuo. Baba yake alikuwa fundi wa kalibu katika kampuni hiyohiyo, na alikaa huko miaka 39. Binti naye hakuondoka. Alisomea uhandisi wa umeme katika chuo cha kampuni mjini Flint, kampuni ikamlipia shahada ya pili Stanford, akasimamia kiwanda cha Detroit-Hamtramck, akaongoza utumishi wa kampuni dunia nzima, kisha uundaji wa magari mapya. Januari 15, 2014 akakabidhiwa kampuni yote. Jina lake Mary Barra, na kabla yake hakuna mwanamke aliyewahi kuongoza kampuni kubwa ya magari ya kimataifa.

Hadithi za namna hii tunazipenda, na ni haki yetu kuzipenda. Kila sherehe ya wafanyakazi huwa na mgeni rasmi aliyeanza kama tarishi au mpiga chapa, na vijana wanaomsikiliza hutoka ukumbini wakiwa na moyo mpya wa kuvumilia. Lakini hadithi ya Barra ina sehemu ambayo kwenye semina huwa hatusimuliwi. Kabla mwezi wake wa kwanza haujaisha, aliarifiwa kwamba magari ya kampuni yake yalikuwa yanaua watu, na kwamba ndani ya kampuni kulikuwa na watu waliokuwa wakilijua tatizo hilo kwa takriban miaka 10.

Chanzo kilikuwa kifaa kidogo kisichofika bei ya dola 1: swichi ya ufunguo wa kuwashia gari. Mwaka 2002 mhandisi wa kampuni aliidhinisha swichi ambayo mkazo wake haukufikia kipimo walichojiwekea wenyewe. Ililegea mno. Dereva wa Chevrolet Cobalt au Saturn Ion akiwa na kicha kizito cha funguo, au goti lake likigusa ufunguo, au tairi likidumbukia kwenye shimo, ufunguo ulijizungusha wenyewe. Injini huzima papo hapo gari likiwa kwenye mwendo, usukani unakuwa mzito, breki zinakuwa ngumu. Na gari likigonga, mifuko ya hewa haifumuki, kwa sababu mfumo wake nao umekatiwa umeme. Mtu anapoteza gari na kinga yake kwa wakati mmoja.

Mwaka 2005 wahandisi walikuwa wameshapata malalamiko ya magari kuzima barabarani. Lilipendekezwa jambo rahisi, kubadilisha umbo la kichwa cha ufunguo, likakataliwa kwa sababu ya gharama. Badala yake mawakala wa mauzo walitumiwa waraka: mteja akilalamika, ashauriwe kupunguza vitu vizito kwenye kicha chake cha funguo. Katika waraka huo walikwepa kuandika kwamba gari linazima, kwa kuwa kauli hiyo ingeamsha masikio ya serikali. Mwaka uliofuata swichi yenyewe ilibadilishwa kimyakimya ikawekwa iliyo imara zaidi, lakini namba ya kipuri ikaachwa ileile. Kwa miaka kadhaa wahandisi wengine walikaa wakijiuliza kwa nini magari ya mwanzo yana kasoro na yaliyofuata hayana, ilhali kwenye makaratasi swichi ni moja. Aliyelifumbua fumbo hilo hakuwa mtu wa kampuni. Alikuwa mtaalamu aliyekodishwa na wakili wa familia iliyofiwa, akazifungua swichi mbili mezani, akazilinganisha.

Ripoti ya uchunguzi ambayo kampuni iliiagiza kwa wakili Anton Valukas ilitoka Juni 2014. Mimi naiona kuwa somo la uongozi kuliko vitabu vingi vyenye neno hilo kwenye jalada. Kuna mahali Barra mwenyewe anawaeleza wachunguzi desturi moja ya vikao vya General Motors, ambayo wafanyakazi walikuwa wameshaipa jina. Hoja inatolewa, watu wote mezani wanatikisa kichwa kuikubali, kikao kinafungwa, wanatoka nje, na hakuna hata mmoja mwenye nia ya kutekeleza. Ilikuwapo na desturi nyingine: mtu anakunja mikono kifuani, kila kidole cha shahada kikielekea upande wake, maana yake mwenye dhamana ni huyu, au yule, bora asiwe mimi. Suala la swichi lilipita kamati hadi kamati kwa njia hiyo. Wafanyakazi walipewa hata orodha ya maneno yasiyofaa kuandikwa kwenye taarifa za kiufundi, likiwamo neno kasoro.

Hapo ndipo funzo lilipo, na ningependa kijana anayesoma haya alipe muda. Barra aliijua desturi ile kwa jina. Alikuwa amekaa katika vyumba vile zaidi ya miaka 30, amepanda cheo kwa cheo, anawajua watu na viwanda vyao. Ripoti ilisema haikuona ushahidi kwamba yeye au wakubwa wenzake waliarifiwa habari ya swichi kabla. Tukikubali kwamba ni kweli, basi mtu anaweza kuijua nyumba kuanzia msingi hadi paa na bado asijue kinachooza chini ya sakafu, maana wanaopanda ni wale wasiobeba habari mbaya, na walio chini huwatazama na kujifunza.

Walijifunzaje? Katika kampuni ile kulikuwa na mkaguzi wa ubora aliyekuwa akiwasumbua wakubwa kuhusu kasoro za usalama za magari mengine, kiasi cha kuishitaki kampuni mahakamani. Kesi ilitupwa, naye akahamishiwa pembeni. Mwenzake aliyeshika nafasi ile baada yake ndiye aliyehusika na ule waraka wa funguo. Aliwaambia wachunguzi kwamba alisita kusukuma masuala ya usalama kwa nguvu, kwa kuwa aliona aliyemtangulia alisukumwa nje kwa kufanya hivyo. Hakuhitaji kukatazwa kusema. Hakuhitaji barua wala onyo. Kiti alichokalia kilimtosha kuwa onyo.

Bei ya ukimya ule waliilipa watu wasiowahi kukanyaga ofisi za Detroit. Mfuko wa fidia ulikuja kuthibitisha vifo 124. Mwaka 2004 mwanamke mmoja wa Texas alipata ajali ndani ya Saturn Ion, mchumba wake aliyekaa kando yake akafariki. Alishitakiwa kwa kusababisha kifo kwa uzembe, na mwaka 2007 akakiri kosa, akiamini kwamba yeye ndiye aliyemuua mpenzi wake. Hukumu hiyo ilifutwa Novemba 2014, baada ya kampuni kukubali kwamba ajali ile ilihusiana na swichi. Miaka yote hiyo kulikuwa na watu wanaolipwa mshahara kwa kazi ya kujua kwa nini magari yale yanazima.

Sidhani kama sisi tuko mbali na Michigan katika jambo hili. Tuseme kijana ameajiriwa karani wa stoo kwenye kiwanda cha unga. Wiki za mwanzo anagundua mizani inadanganya: kiroba kinachoandikwa kilo 25 hakifiki. Anamwendea msimamizi wa zamu, anajibiwa kwa upole kabisa, "Achana nayo hiyo, mdogo wangu, utazoea." Anazoea. Kwa kuwa ni mchapakazi na hana maneno, anapewa usimamizi, na karani mpya akimletea habari ya mizani, anamjibu kama alivyojibiwa. Miaka inapita, anakuwa meneja, kisha mkurugenzi. Mizani haijaguswa. Sasa hata akitaka kujua, hakuna anayekuja, kwa sababu ghala zima linafahamu yeye ni mtu wa namna gani, na linafahamu pia kwamba ndivyo alivyofika pale alipo. Siku wakala wa vipimo akija na muhuri wake, mkurugenzi atasema hakuarifiwa. Atakuwa anasema kweli, na ukweli huo hautamsaidia.

Heshima kwa mkubwa ni jambo jema, na simshauri kijana yeyote aingie kazini akiwabishia wazee waliomtangulia. Lakini heshima haizuii kuandika. Kilichowasumbua wachunguzi wa General Motors ni kukosa kumbukumbu za vikao. Baadhi ya wafanyakazi waliamini kwamba hawatakiwi kuandika chochote humo. Karani anayeona mizani ina kasoro aandike tarehe, aandike uzito alioupata, na aandike jina la aliyemwambia, kwa lugha ya adabu, kisha abaki na nakala. Akiwa meneja aendelee hivyohivyo, na kila azimio la kikao libebe jina la mtu mmoja na siku ya mwisho, badala ya kuachiwa kamati. Huenda akachelewa kupandishwa. Nafahamu ni gharama nzito kwa mtu mwenye kodi ya nyumba na ada za watoto, na simlaumu aliye chini kama ninavyomlaumu aliye juu, ambaye kwake gharama hiyo ni ndogo.

Barra aliwaachisha kazi watu 15, zaidi ya nusu yao wakiwa wakubwa. Mwaka 2015 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 900 ili kumaliza shauri la jinai, na hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyefikishwa mahakamani kwa jinai. Mbele ya wafanyakazi wake alisema hataki waliache jambo lile nyuma. Alitaka libaki katika kumbukumbu za kampuni siku zote. Aliongeza wachunguzi 35 wa usalama na akafungua utaratibu wa mfanyakazi yeyote kuripoti hatari anayoiona. Katika mwaka ule wa 2014 kampuni ilitangaza mara 84 kwamba magari yake yana kasoro na yarudishwe kutengenezwa. Kwa dunia nzima yalikuwa magari zaidi ya milioni 30, mengi yao yakiwa na matatizo yasiyohusiana kabisa na ile swichi.