Ndugu Yetu Mnene

Familia nyingi humtetea ndugu yao mnene mtaani, kisha humchoma wenyewe nyumbani. Mpita njia akimwita bonge, tunakuja juu. Jioni, mkono wake ukielekea kwenye sinia la pilau, sote tunautazama. Mama anasonya, kaka anauliza kama hilo ni pande la pili. Basi anarudisha mnofu, anakunywa maji, na usiku watu wakilala anakula jikoni, amesimama, bila hata kuwasha taa.

Shirika la Afya Duniani linauhesabu unene uliokithiri kuwa ugonjwa sugu. Kurithi kuna sehemu yake, vyakula vya kukaanga na soda vina yao, msongo wa mawazo pia. Lakini aibu haijawahi kushusha presha wala sukari ya mtu.

Kunyamaza nako si upendo, maana magoti yanamuuma na ngazi zinamkata pumzi. Mwambie faraghani, kwa heshima, halafu uache kurudiarudia. Badilisheni chakula cha nyumba nzima. Msimpikie yeye mchicha huku nyinyi mnakula chipsi. Na akienda kliniki kupima, msindikizeni.