Dhana si ushahidi, hata kwenye barua pepe

Siku moja nilifungua barua pepe yangu nikakuta barua tatu ambazo sijazisoma zinaonyesha kuwa zimekwishasomwa. Moja ilitoka kwa mdogo wangu, akinieleza ugonjwa ambao hakutaka hata mama aujue.

Dhana yangu haikwenda mbali. Ilimwangukia mpwa wangu, kijana wa miaka 19 ninayeishi naye, kwa kuwa ndiye anayenirekebishia simu kila inapogoma. Nikamwita usiku ule ule.

"Mjomba, wallahi sijafungua barua yako yoyote," akasema.

Sikumwamini. Nikamtaka anipe simu yake niipekue. Akanipa bila ya ubishi. Nilipoishika mkononi nafsi ikanisuta: hiki ninachotaka kukifanya kina tofauti gani na kile ninachokilalamikia? Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Allah (S.W.) ametukataza dhana, upelelezi na kusengenyana, vyote mahali pamoja. Mtu hudhani, kisha hupekua, kisha huyapeleka barazani. Nikamrudishia simu yake.

Wapo watakaosema: basi mtu akiingiliwa anyamaze? La hasha! Kukagua kufuli la mlango wako si sawa na kupekua mfuko wa mwenzio. Akaunti ya barua pepe ina sehemu inayoonyesha vifaa vilivyoingia humo. Nilipoitazama nikakuta kompyuta, na nyumbani kwetu hakuna kompyuta. Ndipo nikakumbuka: wiki moja nyuma nilikwenda steshenari kuchapisha vyeti, nikafungua barua pepe pale, nikaondoka nikiiacha wazi.

Nikaviondoa vifaa vyote, nikabadili neno la siri na kuweka uthibitisho wa hatua mbili. Kisha nikakagua kama kuna agizo la kupeleka nakala za barua zangu kwingine, maana agizo hilo huweza kubaki hata neno la siri likibadilishwa.

Je, aliyekuta mlango wazi akasoma hana kosa? Uzembe ulikuwa wangu, lakini uzembe si ruhusa. Suratun Nur, aya ya 27, inatutaka tuombe idhini kabla ya kuingia nyumba za wengine. Haikusema zile zilizofungwa tu. Hata Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ya nchi yetu inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ya haki.

Mdogo wangu nilimpigia nikamweleza ukweli, kwani siri iliyovuja ilikuwa yake. Neno la siri nililibadili kwa dakika mbili. Kumwomba radhi mpwa wangu kulinichukua siku tatu.

"Yameisha, Mjomba," alinijibu.

Lakini siku hizi simu yangu ikigoma, hunielekeza kwa mdomo tu. Haishiki tena.

Wallahu a'lam.